Kumwita mtu "mshamba" au "beki tatu" kwa utani

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nyumbani kwetu Dar es Salaam tumezoea kumwita msichana wa kazi "beki tatu". Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu aliyekuja kutoka kijijini, tunamwita "mshamba". Wote hucheka tu, na mume wangu anasema ni utani. Je, kuna dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndiyo dada yangu, ipo. Allah anasema: "Wala msiitane kwa majina ya kejeli" (Al-Hujurat: 11). Sahaba Abu Jubayra amesimulia kuwa aya hii iliwashukia Banu Salima, ukoo wa Madina. Mtu kwao alikuwa na majina mawili matatu, na Mtume (s.a.w.) akimwita kwa mojawapo, huambiwa: "Ewe Mtume wa Allah, jina hilo linamuudhi." Kinachoangaliwa basi ni moyo wa anayeitwa.

Na kicheko kisikudanganye. Binti anayekula na kulala kwako atacheka, kwani asipocheka ataambiwa ana kiburi. Mwangalie mikono siku akiitwa hivyo mbele ya wageni: vikombe vitagongana kwenye sinia kabla meno hayajaonekana.

Sahaba Abu Dharr alipomtusi mtu kwa mama yake, Mtume (s.a.w.) alimwambia bado ana ujahilia (tabia za kabla ya Uislamu) ndani yake, kisha akasema watumishi wenu ni ndugu zenu: walisheni mnachokula, wavisheni mnachovaa.

Ama utani, mumeo amsikie Zahir. Alikuwa bedui, hakuwa na sura ya kuvutia, akimletea Mtume (s.a.w.) zawadi za huko kwao. Mtume akisema: "Zahir ni shamba letu, nasi ni mji wake." Siku moja alimkuta sokoni akiuza vitu vyake, akamkumbatia kwa nyuma na kutania: "Nani atamnunua mtumwa huyu?" Zahir akasema, "Utanikuta sina soko." Akajibiwa: "Lakini kwa Allah wewe ni ghali." Huo ndio utani: umemwacha bedui juu kuliko ulivyomkuta, tena mbele ya watu wa mjini. "Mshamba" inampandisha nani? Mumeo mwenyewe si ametoka kijiji kile kile?

Mkiwasema hivyo wakiwa hawapo, ni kusengenya, hata kama kweli wametoka shamba.

Mwombe binti radhi wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Watoto wamwite dada, na jina lake. Kwa shemeji, aanze mumeo. Na wageni wakija tena, mwiteni kila mmoja kwa jina lake mbele yao, kwa sauti ile ile mliyozoea kuwaitia yale mengine.

Wallahu a'lam.