Kompyuta ipange, patasi iamue

Wadogo zangu wanaoanza kusoma sanaa huniuliza kila muhula: kuna haja gani ya kuinamia kipande cha lino wakati tableti inatoa mistari hiyohiyo kwa muda mfupi? Swali ni la haki. Nasoma sanaa hapa Dar es Salaam, nachapa kwa lino (nachonga picha kwenye bamba hilo laini, napaka wino na kulaza karatasi juu; palipochongwa hubaki peupe), na karibu kila kazi yangu hupita kwenye kompyuta kabla haijafika mezani. Sioni ugomvi kati ya njia hizi mbili. Nimejiwekea mpaka: yale yanayoweza kufutwa nayafanya kwenye kompyuta, na yasiyofutika nayafanya kwa mkono.

Chukua picha iliyopangwa kama kanga, yenye pindo, mji na jina. Pindo linataka marudio yanayokutana vizuri kwenye kona nne, na hesabu hiyo kompyuta inaimaliza haraka. Programu za bure za kuchora kama Krita na Inkscape zinatosha kabisa, huna haja ya kununua kitu. Jina nalo lina mtego wake, kwa kuwa kila kilichochongwa hutoka kinyume karatasini. Neno MAMA ni hatari kuliko yote: herufi M na A hazibadiliki zikigeuzwa, kwa hiyo kwenye bamba utaziona ziko sawa, kumbe ukichapa unasoma AMAM.

Angalia pia unahamishaje mchoro. Ukitumia karatasi ya kaboni, geuza picha kwenye kompyuta kwanza. Ukitumia nakala ya printa ya leza iliyolazwa kifudifudi juu ya lino na kusuguliwa mgongoni kwa pamba yenye asetoni kidogo, usigeuze chochote, maana mchoro unajigeuza wenyewe unapohamia kwenye bamba. Printa ya wino wa maji haifai kwa njia hii.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko mengine. Usimalizie picha kwenye skrini. Ukichora kila unywele kwa kalamu ya tableti halafu ukauhamishia kwenye lino, kazi yako itakuwa kuchimba huku na huku pembeni mwa mistari ili ibaki imesimama. Utachoka, na utakachopata ni mchoro wa kalamu uliochapwa kwa shida. Patasi ya V haifanyi kazi hivyo. Inaingia nyembamba, inapanuka kadiri unavyoikandamiza, kisha inatoka nyembamba tena, na kila ilipopita panakuwa na mwanga. Kwa hiyo ninapoandaa mchoro nafungua ukurasa mweusi na kuchora kwa brashi nyeupe, tena brashi chache tu zenye upana wa patasi nilizonazo kweli. Hapo kompyuta inanifundisha kufikiri kwa weupe kabla sijagusa bamba. Kisha nahamisha mistari mikuu peke yake. Ngozi ya uso, mawimbi, majani ya mnazi, hayo nayaachia patasi iyaamue palepale.

Anayetaka kuona weupe uliochongwa unavyobeba picha nzima, atafute kazi za John Muafangejo (1943–1987), aliyezaliwa kusini mwa Angola, akasoma kwenye kituo cha sanaa cha Rorke's Drift huko Afrika Kusini na kufanya kazi Namibia. Nyingi ni nyeusi na nyeupe tu, na maneno yamechongwa ndani ya picha yakiwa sehemu yake kamili. Mimi huzitazama kila ninapojikuta naongeza vitu visivyohitajika.

Kwa kazi ya rangi kadhaa kwenye bamba moja, kompyuta ni msaada mkubwa. Njia hii, ambayo mchoraji Picasso aliitumia sana kule mji wa Vallauris, Ufaransa, inakutaka uchonge kidogo, uchape rangi nyepesi nakala zote, uchonge tena, uchape rangi inayofuata, hadi bamba linapokwisha. Hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana kila rangi naiwekea leya yake (tabaka lake) kwenye programu, nazima na kuwasha, najaribu mpangilio wa rangi mpaka niridhike. Ila skrini haikuambii wino wa njano utakaaje chini ya wino wa bluu. Jaribu kwenye vipande vya karatasi. Na unapoviringisha rola, sikiliza: wino ukiwa kiasi kinachofaa unatoa mlio mwororo kama mafuta yanayokaanga taratibu. Ukisikia unanata na kuvutana, umezidi.

Kuhusu vifaa, wengi wetu tunachonga zulia la plastiki la sakafuni kwa sababu lino halisi ni ghali. Si vibaya. Lino halisi limetengenezwa kwa mafuta ya kitani, utomvu na unga wa mbao juu ya kitambaa cha gunia, na ukiliweka juani kidogo linalainika vizuri. Plastiki haina ulaini huo, na asetoni huiharibu, kwa hiyo itumie na kaboni. Halafu tafadhali sana, usipeleke plastiki hiyo, ambayo kwa kawaida ni PVC, kwenye mashine ya kukatia kwa leza. Ikiungua inatoa gesi kali ya hidrojeni kloridi, yenye asidi, inaumiza mapafu na kula mashine yenyewe.

Kazi ikikauka, iskani kwa nukta 600 kwa inchi na uihifadhi. Faili hilo litakusaidia kwenye mabango, kadi, hata fulana. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua. Ile uliyoichapa kwa mkono iandike kwa penseli namba ya nakala na jumla yake, kwa mfano 4/20, na uiweke sahihi. Ile iliyotoka kwenye printa iandike kuwa ni nakala ya kidijitali, na bei yake iwe chini. Nauza zote mbili meza moja, na wateja wakishaelezwa tofauti huomba kushika ile ya mkono, wapapase wino ulivyokaa juu ya karatasi.