Maswali ya Wasomaji: Je, Mshindi wa Nobel Ni Lazima Asafiri Kwenda Kuipokea?

Barua nne kati ya zilizotufikia mwezi huu zinazungumzia jambo moja, nalo ni safari ya mwandishi anayekwenda ugenini kupokea tuzo ya kitabu chake. Nimezifupisha kidogo bila kugusa maana yake, na nimezijibu kwa urefu usiolingana kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Swali: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Barazani kwetu kuna ubishi usiokwisha kuhusu Profesa Abdulrazak Gurnah. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba Profesa hakupewa nishani yake ya Nobel mkononi mwa Mfalme wa Uswidi kama wanavyopewa wenzake, bali aliipokea kwa balozi mjini London, na kwamba huko kulikuwa ni kumdunisha mtu wa Zanzibar. Je, ni kweli hakwenda Stockholm? Na kama ni kweli, sababu ilikuwa nini? (Msomaji, Wete, Pemba)

Jibu: Waalaykum salaam. Habari aliyoileta mwenzenu ni ya kweli, ila sababu anayoitoa haina msingi, na tarehe zenyewe zinatosha kuonyesha hivyo.

Akademia ya Uswidi ilimtangaza Profesa Gurnah kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi tarehe 7 Oktoba 2021. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba simu ilimkuta nyumbani kwake Uingereza, na kwamba mwanzoni alidhani kuna mtu anamfanyia mzaha. Kwa desturi, anayetangazwa Oktoba husafiri Desemba, kwa kuwa sherehe hufanyika tarehe 10 ya mwezi huo, siku aliyofariki Alfred Nobel mwaka 1896. Mshindi hupokea nishani na hati kutoka kwa Mfalme katika Jumba la Muziki la Stockholm, na usiku huo huo hufanyika dhifa kubwa katika jumba la halmashauri ya jiji. Lakini mwaka 2021 dunia ilikuwa bado imo katika janga la UVIKO-19, na mwezi Septemba, kabla jina la mshindi yeyote wa mwaka huo halijatajwa, Wakfu wa Nobel, yaani taasisi inayosimamia tuzo hizi, ulikwisha kutangaza kwamba washindi watakabidhiwa nishani na hati zao katika nchi wanamoishi. Uamuzi uliotolewa kabla mtu hajachaguliwa hauwezi kuwa umekusudiwa kumdunisha mtu huyo.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba tarehe 6 Desemba 2021 Profesa Gurnah alipokea nishani na hati katika makazi ya Balozi wa Uswidi mjini London. Giorgio Parisi, aliyeshinda katika fizikia mwaka huo, alipokea yake kwao Italia. Mwaka mmoja kabla, mshairi wa Kimarekani Louise Glück aliletewa nyumbani kwake huko Cambridge, Massachusetts, wala hatukusikia Wamarekani wakidai kwamba wamedharauliwa. Kisha, janga lilipopungua, washindi wa mwaka 2020 na wa mwaka 2021 wote walialikwa kuungana na wale wa mwaka 2022 katika sherehe za Stockholm.

Mwambieni mwenzenu alipime jambo hili kwa kipimo anachokijua vizuri: ndoa hutimia kwa akdi, na walima hata ukiahirishwa mwaka mzima, bibi harusi ni mke wa mtu. Kilicho sawa na akdi katika tuzo hii ni tangazo la Akademia, na wajibu unaomfuata mshindi baada ya hapo ni mhadhara. Mhadhara huo Profesa Gurnah aliutoa kwa njia ya video tarehe 7 Desemba 2021. Aliuanza na furaha aliyokuwa akiipata akiwa mwanafunzi Zanzibar, pale kilipofika kipindi cha kuandika hadithi darasani, kisha akaendelea hadi kwenye mambo yaliyofuata Mapinduzi ya 1964, kuondoka kwake akiwa kijana, na jinsi upweke wa Uingereza ulivyomfanya aanze kuandika kwa sababu nyingine kabisa, yaani kukataa kwamba historia ya watu wake isimuliwe na waliowatawala peke yao. Mimi huona mhadhara huo una mengi zaidi ya kubishaniwa barazani kuliko suala la nani alimpa nani mkono. Magazeti yetu, nasikitika kusema, yalitumia wiki nzima kugombania uraia wake na kutafuta picha ya uwanja wa ndege ambayo haikuwapo, ilhali wakati huo hapakuwa na riwaya yake hata moja iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ya kwanza, *Peponi*, iliyotafsiriwa na Dkt. Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, na ninyi mlioko Pemba ndio wenye haki ya kwanza ya kuihukumu.

Swali: Mhariri, nimesoma kwamba wapo waandishi walioshinda Nobel na hawakwenda kabisa. Je, mtu asipokwenda, fedha zake hupotea? Na hao wasiokwenda, huwa ni kiburi au ni ugonjwa? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Fedha hazipotei kwa sababu ya kutosafiri. Mwaka aliposhinda Gurnah zilikuwa krona za Uswidi milioni 10, na kanuni za Wakfu zinamtaka mshindi atoe mhadhara unaohusu kazi yake, kabla ya tarehe 10 Desemba au ndani ya miezi sita baada ya hapo. Hakuna sharti kwamba autolee Stockholm, wala kwamba ausome kwa mdomo wake mwenyewe. Mwanamuziki Bob Dylan, aliyepewa tuzo ya mwaka 2016, hakuhudhuria sherehe ya Desemba. Nishani yake aliichukua kimya kimya mjini Stockholm mwezi Aprili 2017, na mhadhara wake uliorekodiwa ukawasilishwa mapema Juni, siku chache tu kabla ya miezi sita kutimia. Hapo, kama unauliza rai yangu, palikuwa na chembe ya kiburi.

Wengi wa wengine hawakuwa na kiburi hata kidogo. Harold Pinter, mwaka 2005, alikuwa mgonjwa na alirekodi mhadhara wake kwa video. Doris Lessing, aliyekulia Zimbabwe ya leo na kushinda mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 87, alizuiwa na afya yake, hivyo mhadhara ukasomwa na mchapishaji wake na tuzo akapewa London mwezi Januari uliofuata. Alice Munro wa Kanada alimtuma binti yake mwaka 2013.

Ninayempenda zaidi katika orodha hii ni Naguib Mahfouz wa Misri, mshindi wa mwaka 1988. Mzee huyu alikuwa mtu wa Kairo na mikahawa yake, aliyesafiri nje ya nchi kwa nadra mno, na hata heshima kubwa kuliko zote katika fasihi haikumtoa kwake. Aliwatuma mabinti zake wawili Stockholm kuipokea tuzo, na mhadhara wake ukasomwa kwa niaba yake na mwandishi mwenzake, Mohamed Salmawy, kwanza kwa Kiarabu na kisha kwa Kiingereza. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: kwa kuwa mwenyewe hakuwapo, watu wa Stockholm walilazimika kuisikiliza lugha aliyoiandikia vitabu vyake badala ya kuitazama sura yake. Sidhani kama kuna mwandishi aliyewakilishwa vizuri zaidi na kutokuwapo kwake.

Halafu wapo wale ambao safari yenyewe ilikuwa hatari. Mwandishi wa Kirusi Boris Pasternak alishinda mwaka 1958, akakubali kwa furaha, kisha serikali ya Kisovieti ikambana mpaka akalazimika kuikataa, naye akafa miaka miwili baadaye. Nishani yake ilikuja kupokelewa na mwanawe mjini Stockholm mwaka 1989. Mrusi mwenzake Aleksandr Solzhenitsyn, mshindi wa mwaka 1970, hakuthubutu kutoka nchini mwake kwa hofu kwamba akishavuka mpaka hataruhusiwa kurudi. Serikali hiyo hiyo ilimfukuza nchini mwezi Februari 1974, na Desemba ya mwaka huo akaenda kuichukua tuzo iliyokuwa ikimsubiri kwa miaka minne. Kwa watu kama hao swali la kwenda au kutokwenda halikuhusu nauli wala mavazi, bali lilihusu mtu atakufa akiwa wapi.

Swali: Je, mwandishi wa Kiswahili akiitwa mbele ya Mfalme wa Uswidi, anaruhusiwa kuvaa kanzu? (Msomaji, Lamu)

Jibu: Anaruhusiwa. Wanaume hutakiwa kuvaa koti jeusi la mkia na tai nyeupe, au badala yake vazi la taifa, na Yasunari Kawabata wa Japani aliitumia ruhusa hiyo mwaka 1968 akavaa vazi la Kijapani. Kanzu nzuri yenye joho na kilemba inatosha kabisa, ingawa Desemba ya Stockholm itadai kitu kizito cha ndani. Marehemu Profesa Wangari Maathai naye alipanda jukwaani mwaka 2004 kwa vazi la Kiafrika na kilemba. Sherehe yake, hata hivyo, ilikuwa Oslo nchini Norwei, ambako hutolewa ile ya Amani, na wasomaji wengi huchanganya miji hii miwili.

Swali: Shikamoo Mhariri. Hadithi yangu fupi imeingia katika orodha ya mwisho ya wanaowania tuzo moja barani Ulaya, na nimealikwa kwenye hafla itakayofanyika baada ya miezi mitatu. Sijawahi kusafiri nje ya Afrika Mashariki, sina mshahara wa mwezi, na rafiki yangu mwandishi alinyimwa viza mwaka jana. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, dada, na hongera. Kwa kuwa nchi uliyoitaja katika barua yako imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, nitazungumzia viza hiyo. Uingereza ina utaratibu wake wa peke yake, na viza ya Schengen haikuingizi London hata kwa siku moja.

Anza leo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndiyo mwisho, lakini asikudanganye mtu ukasubiri hizo 15. Ubalozi una siku 15 za kukujibu, zinazoweza kurefushwa hadi 45 pale maofisa wanapotaka kuchunguza zaidi, na mwombaji wa mara ya kwanza ndiye anayechunguzwa zaidi. Tena utatakiwa kufika mwenyewe kutoa alama za vidole, na nafasi za miadi hujaa. Pasipoti yako iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya safari iwe na thamani isiyopungua euro 30,000.

Hayo ni mepesi. Penye uzito ni mahali ambapo waandishi wengi hukwama, yaani kumthibitishia ofisa kwamba utarudi. Mwenye ajira hupeleka barua ya mwajiri na hati za mshahara, lakini mwandishi hana mwajiri, na taarifa yake ya benki mara nyingi huonyesha miezi mitatu ya ukame na mwezi mmoja wa neema. Kwa hiyo usipeleke barua ya mwaliko yenye maneno matamu tu. Waombe waandaaji waandike waziwazi jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za hafla, jina la hadithi, na nani analipa nauli, malazi na chakula, nao waitie saini na muhuri, na nakala waipeleke ubalozini wao wenyewe. Wewe ambatisha mkataba wowote wa uchapishaji ulio nao, barua ya shule unakofundisha hata kama ni kwa vipindi, hati ya nyumba au shamba kama ipo, na vyeti vya ndoa au vya kuzaliwa vya watoto kama unao. Kama kuna fedha nyingi zilizoingia ghafla katika akaunti yako, eleza zimetoka wapi kabla hujaulizwa. Ofisa akiona fedha za kuazima zilizowekwa wiki moja kabla ya maombi, hutilia shaka na mengine yote.

Ukinyimwa, sheria ya Schengen inakupa haki ya kuandikiwa sababu na ya kukata rufaa. Wajulishe waandaaji siku hiyo hiyo, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wenye sauti ya kuombea maombi yaangaliwe upya, na waulize mapema kama utaweza kusoma sehemu ya hadithi yako kwa video ikishindikana kabisa. Baada ya uliyoyasoma hapo juu kuhusu Mahfouz na Gurnah, hakuna wa kukwambia kwamba ushindi wa namna hiyo ni pungufu.

Jambo la mwisho ni tiketi. Usinunue kwa fedha zako kwa ahadi ya kurejeshewa baadaye. Kwa maombi ya viza inatosha kuwa na nafasi iliyowekwa bila kulipiwa, na mwandaaji aliye makini ataikata tiketi yenyewe baada ya viza kugongwa. Akikataa, mwombe sababu kwa maandishi, kisha tuandikie tena.