Simu ndo duka langu, sasa nitaizimaje?

Wapendwa, mwezi huu nlishajipanga kujibu maswali ya mapenzi kama kawaida yetu, ila zimenijia barua tatu zinalia kilio kimoja, simu simu simu, na mimi mwenyewe wiki iliyopita nimepanda daladala Mwenge nashuka Afrikana, nakuja kunyanyua kichwa konda anaita Tegeta. Nlikuwa naangalia mtu anaosha zulia. Yani zulia, la mtu nisiyemjua, lina matope, anamwagia sabuni. Kwa hiyo msione najibu hapa kama mtakatifu.

SWALI
Shikamoo anti. Mimi ni fundi cherehani nipo Mbagala, nashona nguo za kike na sare za harusi. Wateja wangu karibu wote wananipata WhatsApp, wanatuma picha za mishono, wanatuma vipimo, wanauliza nguo imefikia wapi, kwa hiyo simu inakaa hapo hapo juu ya meza ya kukatia. Shida nafungua kumjibu mteja mmoja, nikimaliza naona stetasi, kutoka stetasi naingia kwenye video za mishono najiambia najifunza, nikija kushtuka saa nzima imepita na sijakata hata shingo. Juzi nlikuwa nakata lasi ya shanga ya bibi harusi wa sendofu, nimeshakata mkono mmoja simu ikalia, nikajibu, nikarudi nikakata mwingine. Kwenda kuunganisha nakuta nina mikono miwili yote ya kushoto. Ingekuwa kitenge ningegeuza tu maana pande zote sawa, lakini lasi ya shanga haigeuki anti, na mita moja ya ile lasi sio bei ya kitoto. Nimenunua nyingine kwa hela yangu. Mume wangu anasema zima simu. Nikizima simu tunakula nini?
Fundi, Mbagala

JIBU
Marahaba mwanangu, na pole sana kwa lasi, nimesoma hapo kwenye mikono miwili ya kushoto nikashika kichwa.

Mumeo ana nia njema ila hajakuelewa, kukwambia wewe uzime simu ni sawa na kumwambia mwenye genge afunge mlango ndo auze nyanya. Usizime. Ila nikuulize kitu, ungekuwa na fremu barabarani ungekubali kila mteja aingie mpaka kwenye meza ya kukatia, akushike mkono mkasi uko katikati ya kitambaa, huyu anauliza bei, yule anakuonesha picha ya mtoto wake, wa tatu hata sio mteja kaja kukuchekesha tu? Si ungeweka benchi pale mlangoni wakae wasubiri. Basi ndo kitu kinachokosekana. Simu yako haina benchi.

Na kilichotokea kwenye ule mkono wa pili sio uzembe. Mwaka 2009 mtafiti mmoja kule Marekani anaitwa Sophie Leroy aliandika juu ya jambo ambalo mafundi wanalijua siku zote bila kulipa jina, kwamba ukiikatisha kazi ukaenda kwenye nyingine akili haihami yote, kuna kipande kinabaki kule ulikotoka. Wewe ulivyorudi kwenye lasi mikono ilirudi, kichwa bado kilikuwa kinaongea na mteja habari za zipu, na ile kumbukumbu ya "nimekata wa kushoto" ilishadondoka njiani. Miaka ya baadaye, 2018, yeye na mwenzake wakaonesha kwamba mtu akiandika haraka ameishia wapi na akirudi anaanza na nini, kile kipande kinapungua. Wewe una chaki mkononi mchana kutwa! Kabla hujagusa simu, hata iwe inawaka moto, andika upande wa ndani wa kitambaa: "kulia bado". Sekunde tatu. Ungeandika juzi ungekuwa na hela yako.

Sasa benchi. Kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida hamia ile ya biashara, haina malipo, fanya bakapu kwanza meseji zako zisipotee. Humo ndani kuna sehemu ya ujumbe unaojijibu wenyewe ukiwa haupo na unaupangia saa zake, andika kibinadamu tu, mfano "Nipo kwenye kukata, najibu saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, ukiwa na haraka nipigie namba hii". Kuna na katalogi, weka mishono yako humo na bei za kuanzia, wale wa "hii bei gani dear" watajihudumia. Alafu tafuta kiswaswadu, simu ya batani ile ya tochi, weka laini nyingine, namba hiyo ndo ya kupigiwa. Mteja ambaye nguo yake inavaliwa kesho atapiga. Anayetaka stori hapigi, dakika zake zinamuuma. Wiki ya kwanza watakununia wawili watatu, hasa wale waliozoea kukutumia voisi ya dakika sita saa nne ya usiku, waache wanune, wakishaona nguo zinatoka siku uliyoahidi watarudi wenyewe.

Simu kubwa iondoke mezani. Sio kuilaza kifudifudi, sio kuiweka chini ya gora la bitana, iondoke. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Texas pale Austin waliwapa watu karibu 800 majaribio ya kufikiri, wengine simu iko mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine wameiacha chumba kingine, zote zimezimwa sauti, na wale wa chumba kingine wakawashinda wa mezani. Sitakudanganya, kuna wengine waliorudia wasipate matokeo hayo hayo, kwa hiyo kwa utafiti siapi. Kwa kabati langu la vyombo naapa. Simu ikilala kule nyuma ya mabakuli safu hii naimaliza asubuhi moja, ikiwa pembeni yangu nakuja kuimaliza kesho yake na chai imepoa mara tatu.

Hizo video za mishono nazo usijitukane kwamba huna msimamo. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa unaisha, unafika chini unatakiwa ubonyeze uende mbele, na pale pale ndo akili inarudi unasema ah ngoja nikashone. Mwaka 2006 jamaa anaitwa Aza Raskin akabuni ule mtindo wa ukurasa unaoteremka bila mwisho, na mwenyewe alishakuja kusema hadharani anajutia. Yani wamekupandisha gari lisilo na kituo. Mimi na zulia langu angalau gari lilikuwa na Tegeta. Kama kweli unataka kujifunza mshono pangia Jumapili jioni, kaa na daftari, simamisha video, chora lile shingo na vipimo vyake. Usipochora hujajifunza, umeangalia.

SWALI
Shikamoo anti, niko chuo Dodoma mwaka wa tatu, naandika risechi kuhusu bei ya alizeti kwa wakulima wadogo. Nina PDF 112 kwenye laptopu na kwenye brauza nimefungua tabu 46, nyingine nimezifungua tangu mwezi wa tatu naogopa kuzifunga. Kila nikisoma moja inataja nyingine nzuri zaidi, naenda kuidownloadi, usiku nawasha bando nasema leo naandika naishia kuongeza PDF. Supavaiza kila nikienda ananiuliza hoja yako ni ipi, sina jibu. Nifanyeje ili nimalize kusoma vyote niweze kuanza kuandika?
Aliyezama, Dodoma

JIBU
Marahaba. Tabu 46! Ndo maana zikaitwa tabu.

Hutamaliza kusoma vyote mwanangu na hakuna aliyewahi kumaliza. Mwanafalsafa Seneca kule Roma, karibu miaka 2000 iliyopita, mtambo wa kuchapa vitabu hata haujaota kwenye ndoto ya mtu, alikuwa analalamika kwamba wingi wa vitabu unaitawanya akili. Sasa yeye hakuwa na bando la usiku.

Wewe umeenda Kariakoo bila kujua umetumwa nini. Unajua inavyokuwa, umeshuka Msimbazi, beseni hili zuri, na hili la kijani, na sufuria zinashuka bei, unarudi nyumbani umebeba hadi kichwani na chumvi uliyotumwa hujanunua. Mwenye orodha anapita pale pale katikati ya makelele yale yale, anachukua chumvi yake anarudi. Supavaiza wako anakuuliza umetumwa nini, na anauliza kwa wema kabisa.

Mwaka 1971 mchumi Herbert Simon wa Marekani, ambaye baadaye 1978 alipata Nobeli, alishalisema hili, kwamba taarifa nazo zina kitu zinachokula, zinakula umakini wa anayezipokea, kwa hiyo zikizidi ni lazima umakini upungue. Na umakini wenyewe tumepewa kidogo. Mwanasaikolojia Nelson Cowan mwaka 2001 alipopitia majaribio mengi ya kumbukumbu alisema vitu tunavyoweza kuvishika kichwani kwa wakati mmoja ni kama vinne tu hivi. Vinne! Na wewe unataka kushika 112.

Kwa hiyo funga laptopu. Chukua karatasi ya daftari la kawaida, andika swali lako moja kwa Kiswahili cha kumuelewesha bibi yako kijijini, mfano "kwa nini mkulima wa alizeti anauza bei ya chini wakati wa mavuno wakati anajua itapanda?" Kama bibi anaelewa, unalo swali. Kama unahitaji kumtajia nadharia ndo aelewe bado hulina, rudia. Ukishalipata andika kurasa mbili za unachodhani wewe ni jibu, bila kufungua kitu chochote, andika hata upuuzi, na kila unapokwama kwa kutojua weka alama ya kuuliza. Zile alama ndo orodha yako ya Kariakoo. Sasa ndo ufungue mafaili, na unafungua moja kwa ajili ya alama moja, ukipata unafunga unarudi kwenye karatasi. Tabu 46 zisevu zote kwenye folda moja ili roho isikuume, alafu zifunge. Nakuhakikishia hutarudi kuzitafuta zaidi ya tatu nne.

Ukiona kuanza kunakushinda kuna ule mtindo wa Francesco Cirillo, Muitaliano, naye alikuwa mwanafunzi kama wewe mwishoni mwa miaka ya 80 akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, anafanya kazi dakika 25 bila kugusa kingine, anapumzika tano, anarudi. Mimi kwa kuandika naona 25 ni chache, ndo kwanza maneno yameanza kuja inalia. Kwa kuanza tu lakini ni dawa, maana dakika 25 hakuna anayeziogopa. Ila usitumie saa ya kwenye simu jamani, unaenda kuizima unakutana na meseji, safari imeanza. Tafuta kisaa cha mezani, vinauzwa hadi na machinga.

Na bando la usiku kwa wiki mbili hizi usinunue.

SWALI
Anti habari za kazi. Nina umri wa miaka 52, nipo Tanga, nina magrupu 14 ya WhatsApp, matano kati ya hayo ni ya kamati za harusi na moja la ukoo lina watu wasiopungua mia mbili. Asubuhi nikiwasha data simu inatetemeka mpaka inatembea mezani. Nikilefti wataona jina langu na maneno yataanza. Nitokeje kistaarabu?
Baba Wawili, Tanga

JIBU
Nzuri kaka yangu, za Tanga.

La ukoo usitoke, siku ya msiba ndo utalihitaji. Lizime sauti, chagua ile ya siku zote, ipo tangu 2020, alafu liweke kwenye akaivu, litakaa kule pembeni kimya na wewe ndo utalifuata jioni ukishakula. Mtu wa karibu mmoja, shemeji au binamu mwenye akili, mwambie kukiwa na jambo kubwa akupigie. Mwenye jambo kubwa huwa anapiga hata hivyo, haandiki kwenye grupu akasubiri.

Za harusi zilizokwisha fanyika toka leo, wala usiogope, tangu 2022 ukitoka wanaoarifiwa ni maadmini peke yao, sio kadamnasi nzima. Mwingine anaweza kukuona akienda kuchungulia orodha ya waliotoka, na mtu mwenye muda wa kuchungulia orodha hiyo alikuwa anakusema tangu zamani.

Za harusi ambazo bado, tuma kwanza mchango wako, subiri jina lako liingie kwenye ile orodha yenye tiki, alafu ndo uzime sauti. Ukianza na kuzima watasema umekimbia, na mweka hazina ana namba ya mkeo.