Kabla hujamchapa ng'ombe, inama uone anachokiona

Kifaranga wa bata wa kwanza kunifia mikononi aliuawa na maji. Nilimwekea kuku mayai ya bata aatamie, wakaanguliwa saba. Siku ya tatu nikawatia kwenye beseni lililojaa, nikiamini kwamba bata na maji ni ndugu. Kuogelea walijua. Lakini punde wakaanza kuinama upande, manyoya yamelowa na kushikana kama pamba mbichi. Niliwatoa wanatetemeka, wawili hawakufika jioni.

Bata mama hujipaka mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia, na vifaranga wanapolala chini yake mafuta hayo huwapata na kuzuia maji yasipenye. Wangu walilala chini ya kuku. Kama wako wamelelewa na kuku au wametoka kwenye mashine, wape maji ya kina kifupi, ya kuzamisha mdomo na pua tu, mpaka waote manyoya kamili.

Msiba ule ulinifanya nitilie shaka mengi niliyorithi kwa wafugaji wenzangu. Nilikuwa na ng'ombe aliyegoma kila asubuhi mlangoni mwa zizi. Tulimwita mkaidi, na fimbo alizila, naumia nikikumbuka. Siku moja nikainama usawa wa kichwa chake. Jua lilikuwa limelaza kivuli cha nguzo chini, mstari mweusi toka ukingo hadi ukingo. Ng'ombe huona karibu pande zote, kama nyuzi 330, ila hapimi vizuri kina cha kitu kilicho mbele ya miguu yake. Kwake kivuli kile kilikuwa kama shimo. Nilimwachia kamba, akashusha kichwa, akanusa, akapita. Na usimjie moja kwa moja kutokea mkiani, hapo hakuoni. Teke lake ni la woga. Hata fahali hakasirishwi na nguo nyekundu, kwani macho yake hayaioni rangi hiyo kama yetu. Kinachomchokoza ni kitambaa kupepea.

Nguruwe naye anasingiziwa uchafu. Mwili wake haupoi kwa jasho kama wetu, ndiyo maana hutafuta tope. Mpe kivuli na maji ya kujimwagia.

Wanaosema kuku haruki hawajawahi kumfuata juu ya mti. Ukuta mfupi haumzuii. Punguza manyoya marefu ya bawa moja tu akose mizani, ila usiguse yanayoota, yana damu ndani.

Kondoo aliyelala chali, hasa mwenye mimba au manyoya mazito, usidhani anapumzika. Mara nyingi hawezi kujigeuza, gesi humjaa tumboni, na anaweza kufa katika saa chache. Mgeuze, kisha usimwachie hapohapo: mshike ubavuni mpaka miguu iache kuyumba.