Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Mwenzetu Imetoweka kwenye Git

SWALI: Assalamu alaykum. Sisi ni vijana watano tunaotengeneza programu ya kuwekea nafasi za vyumba kwa ajili ya nyumba za wageni za Nungwi na Jambiani. Watatu wako mjini Unguja, mimi na mwenzangu tuko Pemba. Tunatumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, na kazi zetu tunazikutanisha kwenye seva moja. Hivi karibuni mmoja wetu alikataliwa na seva alipokuwa akipandisha kazi yake, akalazimisha kwa amri ya --force, na kazi ya mwenzake ya siku kadhaa ikatoweka. Tangu hapo kila mtu anajiwekea nakala zake kwenye flashi. Je, kazi hiyo inaweza kurudi, na tujiwekee utaratibu gani, hasa sisi ambao mtandao wetu hukatika mara kwa mara?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu salaam. Tuanze na kilichopotea, maana kina muda wake. Kwa kawaida kompyuta ya kila mmoja wenu hubeba historia nzima ya mradi, kwa hivyo aliyefutiwa kazi kwenye seva huenda bado anayo kwake, ilimradi alikuwa ameihifadhi kama komiti, yaani rekodi ya mabadiliko ndani ya Git. Asifute folda yake wala asipakue mradi upya. Afungue folda ile ile na aite amri ya git reflog, ambayo humwonyesha kila hatua aliyopitia, hata zile ambazo hazimo tena katika tawi lolote, yaani mkondo wowote wa kazi ndani ya mradi. Isipokuwa mmebadilisha mpangilio, hatua hizo zisizomo tena katika tawi huwekwa siku 30, na nyengine siku 90. Akishaiona komiti yake, aifungulie tawi jipya, kisha aliunganishe na kazi za wenzake.

Flashi ziacheni. Nakala tano zisizojuana hazimwambii mtu ni ipi iliyo sahihi.

Seva inapokataa, inakwambia kwamba huko juu kuna kazi ambayo wewe huna. Jibu lake ni kuivuta kazi hiyo kwenye kompyuta yako kwanza, na panapotokea mgongano, yaani wawili mmebadilisha mistari ile ile, kumpigia simu aliyeandika mistari hiyo badala ya kukisia alichokusudia. Tawi kuu lifungeni kwenye seva, ili pasiwepo wa kulipandishia kitu moja kwa moja bila ya mwenzake mmoja kukisoma. Na mtu akihitaji kuandika upya historia ya tawi lake mwenyewe, atumie --force-with-lease, ambayo hugoma ikiwa tawi la kwenye seva limeshabadilika tangu alipoliona mara ya mwisho.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kulazimisha ni dalili tu. Ugonjwa ni matawi yanayokaa wiki kadhaa bila ya kuunganishwa, hata watu wawili wakajikuta wamelibadilisha faili la bei za vyumba kila mmoja kwa njia yake. Tawi la siku moja au mbili, lenye jambo moja, husomeka na huunganishwa bila ya ugomvi.

Maelezo ya komiti nayo yanataka uangalifu, na hapa ndipo timu nyingi huzembea. "Marekebisho" au "sasa sawa" hayamsaidii mtu. Andikeni, kwa mfano: "Hesabu tarehe ya kuweka nafasi kwa saa za Afrika Mashariki", na chini yake sababu: seva inafuata UTC, saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hivyo mgeni aliyeweka nafasi saa saba usiku aliandikwa tarehe ya jana. Atakayeikuta mistari hiyo mwakani hataifuta kwa kudhani haina kazi.

Maneno ya siri ya malipo yasiingie kabisa kwenye hifadhi ya Git ya mradi. Yakiingia, kuyafuta katika komiti inayofuata hakutoshi, kwani historia bado inayo. Yabadilisheni siku hiyo hiyo.

Kuhusu mtandao wa Pemba, msihofu sana. Linus Torvalds aliitengeneza Git mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux waliotawanyika nchi mbalimbali, na karibu kila kitu ndani yake, kuanzia kuhifadhi komiti, kufungua matawi hadi kusoma historia, hufanyika bila ya intaneti. Mtandao ukiwepo asubuhi, vuteni kazi za wenzenu kabla ya kugusa chochote. Ukikatika, endeleeni kuhifadhi komiti ndogo ndogo kwenye matawi yenu. Ukirudi, vuteni tena ndipo mpandishe.