Siku nne Kupro: pwani au milimani?

Dada, umeuliza kama siku nne Kupro zinatosha kuona pwani na vijiji vya milimani, na kama ukodi gari. Kodi bila wasiwasi, wanaendesha kushoto kama kwetu. Pwani ipe siku moja tu: toka Paphos kuelekea Limassol, simama Petra tou Romiou, mwamba mkubwa ulio ufukweni, asubuhi na mapema. Siku zilizobaki panda milima ya Troodos. Lala kijiji cha Kakopetria, kwenye nyumba za mawe zenye roshani za mbao. Usiku unasikia mto ukipita. Kisha usikose kanisa dogo la Asinou. Kwa nje utadhani ghala, ukiingia kuta zote zimejaa picha za watakatifu, za zamani zaidi zilichorwa 1105 na 1106. Sweta beba, hata kiangazi. Huko juu kuna baridi: kilele cha Olympus, mlima mrefu kuliko yote ya Troodos, kina mita 1,952.