Kijana Anakunywa, Je, Apewe Leseni? Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukikaribia, maswali ya magari huongezeka. Safari hii mengi yanahusu vijana wanaokunywa, nami nimefurahi kuyapata kabla ya msiba badala ya baada yake.

Mwanangu ana miaka 18 na amemaliza kidato cha nne. Anakunywa, nimeshamkuta amelewa zaidi ya mara moja. Baba yake anataka kumlipia chuo cha udereva, anasema akipata leseni atatulia. Mimi sitaki. Nani yuko sahihi? (Mama, Mikindani)

Wewe, mama. Leseni haimwachishi mtu pombe. Inaonyesha tu kwamba siku ya mtihani, akiwa mzima, aliweza kuendesha mbele ya askari. Jumamosi usiku hakuna askari aliyekaa pembeni yake.

Kwa umri wake sheria inamruhusu kuomba leseni mwenyewe, hilo hamwezi kulizuia. Lakini ada ya chuo mnalipa ninyi na gari ni lenu. Hapo ndipo mna kauli, na msiiachie kirahisi.

Ushauri wangu: asubiri msimu upite. Kijana asiyekunywa mwezi Juni, mfukoni hana hata mia, hajathibitisha chochote. Mtazameni Oktoba hadi Desemba, malipo ya mnada yameingia, mabibo yamejaa chini ya mikorosho, uraka, pombe ya mabibo, unauzwa kila kona na rafiki zake ndio wanaonunua. Akivuka miezi hiyo hajaonja, Januari mpelekeni chuo na mimi nitakuwa upande wa baba yake. Akishindwa, na mkaona kweli amejitahidi, basi huyo anahitaji daktari kabla ya mwalimu wa udereva. Mpelekeni hospitali, wala msione haya.

Mwambie mzee jambo hili pia. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo linashauri dereva kijana asizidi miligramu 20 za kilevi katika mililita 100 za damu, na mtu mzima asizidi 50, kwa sababu kijana hajaizoea barabara wala pombe, na kiasi kidogo tu kinamharibia. Sheria yetu kwa dereva wa gari binafsi inaweka 80, awe na miaka 18 au 50. Kwa maoni yangu ni kiwango kikubwa mno, na wabunge wetu wa Kusini walipaswa kulisemea hili zamani.

Mtoto wa miaka 17 anaweza kupata leseni ya gari? (Wengi)

Hapana. Ni miaka 18. Naombeni swali hili tulifunge, nimelijibu mara nyingi mno.

Kijana wangu hagusi bia wala gongo. Ni uraka tu, na uraka ni maji ya mabibo. Kuna ubaya akiendesha? (Baba, Tandahimba)

Uraka ni pombe, baba, na wewe unajua. Mabibo yakikamuliwa asubuhi ni juisi, hata mtoto anakunywa. Yakilala kwenye ndoo, povu likapanda na harufu ikaanza kuchoma pua, hiyo si juisi tena. Kwa dereva mimi nauogopa uraka kuliko bia. Chupa ya bia imeandikwa ukali wake, ndoo haina maandishi. Kikombe cha leo na cha kesho havilingani, kwa hiyo hata kijana anayetaka kujihesabia hawezi.

Na kama hajafika miaka 18, anayemuuzia anavunja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vidogo, vilipigwa marufuku Machi 2017, tukashangilia. Ndoo ya uraka iko palepale uani, na muuzaji ni jirani yetu tunayemwamkia kila siku. Mwambieni.

Mpwa wangu ana miaka 16, ameshatoka jandoni, ni mwanamume kamili. Baba yake hataki nimpe pikapu yangu eti kwa sababu anaonja pombe. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye kauli. (Mjomba, Newala)

Kauli yako naiheshimu, mjomba, na ndiyo maana nakuomba uitumie kumzuia. Jandoni alifundishwa adabu na kujitunza. Kuendesha hakufundishwa, na sheria inahesabu miaka. Mwenye gari anayemkabidhi mtu asiye na leseni naye ana kosa lake. Akimgonga mama anayetoka shamba na kuni kichwani, ukoo wa yule mama utakuja kukaa kwenye baraza lako, mjomba, si la baba yake.

Nahitaji leseni bila kwenda chuo. Nani anaweza kunisaidia? (Lindi)

Mimi siwezi, na anayekuahidi hivyo anakuuzia jeneza.

Nina miaka 19 na leseni ninayo. Ijumaa naanza kunywa saa mbili usiku, nafika bia sita. Alfajiri naoga maji baridi, nakunywa supu ya pweza, saa moja natoka Lindi kwenda Mtwara. Niko salama? (Kijana, Lindi)

Hauko salama. Bia moja ya mililita 500 inahitaji kama saa mbili, pengine zaidi, kuisha mwilini. Bia sita ni saa kumi na mbili au zaidi, kwa hiyo saa moja asubuhi bado unayo kwenye damu. Maji baridi yanakuamsha na supu inakushibisha. Pombe inaondolewa na ini, nalo haliharakishwi na pweza wala kahawa. Ukitaka kusafiri Jumamosi asubuhi, Ijumaa usinywe.

Kaka yangu ana miaka 20 na leseni anayo, lakini anaendesha gari la baba akiwa amelewa. Baba anasema "mwacheni, barabara anaijua." Jumamosi tunakwenda harusini Masasi na dereva ni yeye. Nifanye nini? (Dada, Mtwara)

Usipande, na uliseme leo, wala usisubiri Jumamosi. Zungumza na baba mkiwa wawili, kaka asiwepo. Barabara anaijua, sawa, lakini hamjui mwenye baiskeli isiyo na taa atakayekutana naye saa nne usiku akirudi. Mwambie pia kwamba mahakama inaweza kumfungia leseni dereva mlevi.

Baba akikataa, muombe mama au shangazi asiyekunywa auchukue ufunguo mara tu mkifika, kabla vinywaji havijatoka. Usiku msibishane na mtu aliyelewa, laleni Masasi kwa ndugu. Akikaa kwenye usukani kwa nguvu, shukeni wote, na watoto muwe wa kwanza kuwashusha. Nauli ya basi ya Jumapili iwekeni pembeni tangu sasa.